Binti yangu mwenye usonji ameanza kuota matiti: nimwandaeje kwa hedhi na kwa miaka inayofuata?

Mama wa Watatu

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale waliolea, au waliopita wenyewe, katika hali ninayoieleza hapa.

Binti yangu ana miaka 10. Aligundulika kuwa na usonji (autism) alipokuwa na miaka 7, baada ya walimu wake kusema kwa muda mrefu kwamba ni mtoto mpole, mwenye haya tu. Anazungumza vizuri na anapenda vitabu kuliko kaka zake wawili, lakini mambo yanayohusu mwili wake humtatiza sana. Hajui kwamba ana njaa mpaka kichwa kimuume, na kumkata kucha ni kazi ya nusu saa yenye machozi.

Wiki tatu zilizopita alinijia akiwa ameshika kifua upande wa kushoto, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kuna kifundo kimeingia ndani ya mwili wake na angependa kitolewe. Nilipopapasa nikakuta ni titi linaanza kuota, upande mmoja tu. Nikamwambia kwamba hilo ni jambo la kawaida, kwamba sasa anakuwa mkubwa, nami nikadhani nimemtuliza. Tangu siku hiyo amekataa nguo zote zinazogusa kifua, kila usiku anakibonyeza kile kifundo kama anayetaka kukirudisha kilikotoka, na juzi ameniuliza kama mtu akishakuwa mkubwa ni lazima ahame nyumbani. Sikujua kwamba neno langu moja lingezaa hofu yote hiyo.

Nina maswali kadhaa. Je, nimweleze habari za hedhi sasa, au nikingoja mpaka damu ya kwanza ije nitakuwa nimempunguzia wasiwasi? Nifanyeje kuhusu sidiria, ikiwa hata lebo ya shati humliza? Ndugu yangu wa karibu amenishauri nimpeleke kwa daktari ili hedhi izuiwe kabisa, akisema kwamba mtoto wa namna hii hataweza. Ushauri huo umeniuma, lakini siwezi kusema kwamba sijaufikiria. Na jambo la mwisho: shuleni wanasema hana tatizo lolote, ilhali kila jioni akifika nyumbani hujifungia chumbani na kulia. Naogopa miaka inayokuja.

Msomaji wa Usiku

Pole sana, dada. Maoni yangu ni kwamba usimwambie kitu kwa sasa. Mpwa wangu mwenye usonji alielezwa mapema mno, akawa anauliza kila asubuhi, kwa karibu mwaka mzima, kama damu itatoka leo. Watoto hawa wakishika jambo hawaliachii. Ngoja lije, kisha umweleze likiwa mbele yenu.

Kalamu ya Bluu

Dada, mimi ni mwanamke mwenye usonji, nina miaka 36, na niligundulika nikiwa na miaka 29. Kwa hiyo nilipita balehe yangu yote bila mtu yeyote, nami nikiwemo, kujua kwa nini mambo ambayo wenzangu waliyazoea kwa wiki moja kwangu yalikuwa makali kiasi kile. Kwa heshima zote kwa Msomaji wa Usiku, siafiki kusubiri, na naomba nieleze kwa nini.

Nilipokuwa na miaka 11 nilisikia watu wazima wakisema kwamba dada yangu mkubwa yuko mwezini. Usiku ule nilitoka nje nikautazama mwezi kwa muda mrefu, nikijaribu kuelewa amefikaje huko na amerudi saa ngapi, maana muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameketi karibu nami. Baadaye nikasikia kwamba binti wa jirani amevunja ungo, nikamhurumia kwa sababu nilidhani ataadhibiwa kwa kuharibu chombo cha mama yake. Lugha yetu ina staha katika mambo haya, na naipenda staha hiyo, lakini kwa mtoto anayechukua kila neno kama lilivyo, staha hiyo ilikuwa mlango uliofungwa. Damu yangu ilipokuja nilikuwa chooni shuleni, wala sikuihusisha hata kidogo na mwezi au ungo. Niliamini kwamba kitu kimepasuka tumboni na kwamba ninakufa. Nilikaa mle ndani nikihesabu vigae vya ukutani mpaka kengele ya mwisho ilipolia, nikajifunga sweta kiunoni, nikaenda nyumbani, na kwa siku mbili sikumwambia mtu kwa kuwa sikuwa na neno la kuanzia.

Ndiyo maana nasema umwambie sasa, na umwambie kwa maneno yaliyo wazi: damu itatoka ukeni, haitoki kwenye jeraha bali kwenye mfuko wa uzazi, ambao hujitandika utando kila mwezi na kuuachilia usipohitajika, itatoka kwa siku 2 hadi 7, kisha itakoma yenyewe. Mwambie pia kiasi chake, kwa sababu hakuna anayetuambia kiasi. Kwa kawaida ni kama mililita 30 hadi 40 kwa hedhi nzima, yaani vijiko viwili au vitatu hivi vya mezani. Pima maji yenye rangi nyekundu mbele yake, uyamwage kidogo kidogo kwenye pedi, aone jinsi kiasi kidogo kinavyotapakaa na kuonekana kingi. Kama mtu angenionyesha hivyo, nisingehesabu vigae siku ile.

Kuhusu yule mpwa aliyeuliza kila asubuhi, nadhani alielezwa kwamba jambo litakuja, lakini hakuelezwa atalijuaje likikaribia wala afanye nini likifika. Jibu la "bado" halitoshi kwa mtu anayeishi kwa kujua kinachofuata. Mpe binti yako dalili za kufuatilia: matiti kwanza, kisha vinyweleo vya kinena na kwapani, kisha kurefuka kwa haraka, kisha ute mweupe kwenye chupi miezi kadhaa kabla ya damu. Mpe pia mpango ulioandikwa: nikiona damu nikiwa nyumbani nafanya hivi, nikiwa shuleni namwendea mtu huyu, namwonyesha kadi hii, naye hataniuliza maswali mbele ya wengine.

Halafu mfanyie mazoezi. Pedi ina sauti inapobanduliwa kwenye karatasi yake, na sauti hiyo chooni shuleni ilikuwa kwangu kama tangazo kwa darasa zima. Ina gundi, nyingine zina manukato, na inaposogea kati ya mapaja huwa haisahauliki hata dakika moja. Mwache azifungue nyingi, azinuse, achague zisizo na harufu, avae moja kavu kwa dakika 10 akiwa anasoma kitabu anachokipenda, kesho dakika 20. Chora mzunguko wa pedi ndani ya chupi kwa kalamu isiyofutika ili ajue inakaa wapi. Kama atazikataa zote, kuna chupi za hedhi zinazofuliwa na kuna pedi za kitambaa, na wengi wetu tunaziona ni laini kuliko zile za plastiki. Usimwambie abadilishe pale atakapohisi imejaa, kwa sababu umeeleza mwenyewe kwamba hata njaa haihisi. Mfundishe kwa saa: kila baada ya saa 4 au 5, iwe imejaa au haijajaa.

Sidiria isubiri. Haimlazimu mtoto wa miaka 10. Atafute fulana ya ndani isiyo na mshono wala lebo, ifuliwe mara kadhaa kabla hajaivaa, na akipenda kuivaa ndani nje, aivae hivyo. Mwambie pia kwamba kile kifundo kuuma ni kawaida, kwamba kukibonyeza ndiko kunakozidisha maumivu, na kwamba upande wa pili utafuata, labda baada ya miezi kadhaa. Asipoambiwa habari za upande wa pili, siku utakapoanza atadhani ugonjwa umesambaa.

Na lile neno "mkubwa" lirekebishe leo, dada, usingoje kesho. Mwambie mambo yasiyobadilika: chumba chake ni kile kile, midoli yake ni yake, na nyumbani ni kwake.

Baba Mlezi

Ninamlea peke yangu binti wa miaka 14 ambaye maneno anayoyasema hayafiki 20, na huzungumza zaidi kwa kitabu cha picha. Naandika kwa sababu mara nyingi majadiliano haya huishia kwa watoto wanaozungumza.

Nilifanya kosa moja ambalo sitalisahau. Binti yangu anapenda kalenda kuliko kitu kingine chochote, humtuliza. Hedhi yake ya kwanza ilipokwisha, nilihesabu siku 28 tangu ilipoanza kama nilivyosikia watu wakisema, nikaizungushia tarehe duara jekundu, nikamwonyesha kwa picha kwamba siku hiyo damu itarudi. Siku ilipofika aliamka kabla yangu. Nilimkuta ameketi karibu na mlango wa bafu, amevaa pedi, mfuko wake wa vifaa uko mapajani, anangoja. Alingoja mpaka giza likaingia. Damu haikuja siku hiyo wala wiki hiyo. Ilikuja siku ya 41, na katika siku zote hizo katikati alikuwa akiifuta ile duara kwa kidole mpaka karatasi ikatoboka. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba katika miaka ya mwanzo mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida kabisa, na kwamba huweza kurukaruka kwa miaka 2 au zaidi. Sasa siweki duara. Napaka rangi ya waridi iliyopauka kwenye siku zote ambazo damu inaweza kuja, na kwenye kitabu chake tumeongeza picha ya neno "labda". Ilimchukua muda kulikubali neno hilo, lakini amelikubali.

Jambo la pili ni daftari. Kabla ya hapo alikuwa na siku ambazo alijipiga kichwani kwa kiganja na kukataa chakula, na kila mtu, wakiwemo wataalamu, alisema ni tabia za umri. Niliandika kila siku kwa miezi minne: amelala saa ngapi, amekula nini, amejipiga au hakujipiga, damu ipo au haipo. Nilipoyatazama yote kwa pamoja, siku za kujipiga zilikuwa zile mbili au tatu kabla ya damu, pamoja na siku ya kwanza yenyewe. Mwanangu alikuwa akiumwa, akituambia kwa njia pekee aliyokuwa nayo, nasi tukaita tabia. Sasa hupewa dawa ya maumivu dalili zinapoanza na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, na kujipiga kumepungua sana.

Nilipokuwa nikifanya hayo nikagundua kwamba kitabu chake kilikuwa na picha zaidi ya 200, za wanyama, rangi na michezo, lakini hapakuwa na hata moja ya uke, ya damu, wala ya kusema "naumwa hapa chini" au "sitaki uniguse". Tulikuwa tumempa maneno ya kumtaja tembo, hatukumpa maneno ya kuutaja mwili wake. Kama mtoto wako anatumia picha, tafadhali ziangalie leo.

Muuguzi wa Zamu

Nimefanya kazi katika kliniki ya vijana kwa miaka mingi, na naongeza yale ya kitabibu tu, kwa kuwa waliotangulia wameeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi.

Kwa wasichana, matiti huanza kuota kati ya miaka 8 na 13, na hedhi ya kwanza hufuata kwa kawaida baada ya miaka 2 hadi 2 na nusu. Mama wa Watatu, inaelekea una muda wa kujiandaa, ingawa usimwahidi binti yako tarehe, kwa sababu ambazo Baba Mlezi amezieleza. Muone daktari ikiwa matiti yameota kabla ya miaka 8, au hayajaanza kuota akifika 13, au hedhi haijaja akifika 15. Muone pia damu ikizidi siku 7, au pedi ikiloa kabisa kila baada ya saa moja au mbili. Kwa maumivu, ibuprofeni hufanya kazi vizuri zaidi ikinywewa mapema, dalili za kwanza zinapoonekana, na inywewe baada ya chakula. Kipimo hufuata uzito wa mtoto, na mwenye pumu au vidonda vya tumbo aulize kwanza.

Kuna mambo mawili ambayo wazazi wengi hawaelezwi. La kwanza ni kifafa. Huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, na ujana ni mojawapo ya vipindi ambavyo huweza kuanza, hata kwa mtoto ambaye hajawahi kupata degedege. Si lazima aanguke. Wengine hukodoa macho na kutosikia kwa sekunde kadhaa, jambo ambalo kwa mtoto mwenye usonji hudhaniwa kuwa ni kuzama katika mawazo. La pili ni dawa. Risperidoni, ambayo baadhi ya watoto hupewa kwa ajili ya hasira kali, inaweza kupandisha homoni ya prolaktini, na hapo hedhi huchelewa, hukatika, au chuchu hutoa maziwa. Binti anayetumia dawa hiyo akiona mabadiliko hayo, daktari aliyeiandika aambiwe, lakini dawa isiachwe ghafla.

Sasa suala la kuzuia hedhi. Zipo njia za kupunguza au kusimamisha damu kwa muda, kama vidonge vya homoni na vifaa vinavyowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, na kwa msichana ambaye damu humtoka kupita kiasi, ambaye kifafa chake huzidi kila mwezi, au ambaye anateseka hata baada ya kusaidiwa kwa kila namna, njia hizo ni tiba halali isiyo ya aibu. Zina gharama zake pia: sindano ya homoni iitwayo medroksiprojesteroni, kwa mfano, hupunguza uimara wa mifupa ikitumiwa kwa muda mrefu, na ujana ndio wakati ambao mifupa hujengwa. Hazianzishwi kabla hedhi yenyewe haijaja, kwa sababu hatujui kama itamsumbua. Nimewaona wasichana wengi ambao familia zao ziliapa kwamba hawataweza, nao wakaweza. Likija pendekezo la kutoa mfuko wa uzazi au kumfunga kizazi, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 23, unasema kwamba watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto, wana haki ya kubaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine. Swali ninalowauliza ndugu kila mara ni hili: je, tunampunguzia binti mateso, au tunajipunguzia sisi kazi ya kufua?

Mama wa Watatu

Nimesoma nikilia, na nawashukuru sana. Naomba niongeze jambo ambalo niliona haya kuliandika mwanzoni. Binti yangu humkumbatia kila mtu anayempenda, hata wageni, na huvua nguo popote akiona zinamkera. Tangu kifua kianze kubadilika nimeona wanaume wazima wakimtazama kwa namna ambayo sikuipenda. Namfundishaje kujilinda bila kumfanya auogope kila mtu?

Mwalimu wa Darasa Maalumu

Mama, umefanya vema kuuliza, na usione haya. Watoto wenye ulemavu hunyanyaswa kingono zaidi kuliko watoto wengine, na sababu mojawapo, ambayo sisi walimu tuna lawama ndani yake, ni kwamba tunawafundisha kutii. Mtoto anayepewa nyota kila anapokaa kimya, anapomtazama mtu machoni, anapokubali kuguswa mkono akielekezwa, hujifunza kwamba mtoto mwema ni yule anayefanya anachoambiwa na mtu mzima. Kisha siku moja tunategemea aseme hapana kwa mtu mzima.

Kwa hiyo kujilinda hakuanzi na habari za wabaya. Kunaanza na sweta. Akisema "sitaki sweta hili" na sweta likaondolewa, amejifunza kwamba neno lake lina nguvu juu ya mwili wake. Akikataa kumkumbatia ndugu aliyekuja kuwatembelea, simama upande wake hata ndugu akinuna. Kumsaidia kuoga, mwombe ruhusa, na sehemu ambazo anaweza kuziosha mwenyewe aziachiwe yeye.

Kuhusu kukumbatia, andikeni orodha kwa majina, kwa sababu maneno kama "watu wa karibu" au "mtu usiyemfahamu" hayana mpaka kwake. Akimwona muuza duka mara tatu atasema anamfahamu. Hawa nawakumbatia, hawa nawapungia mkono, hawa nawasalimia kwa mdomo. Nguo nazo zina mahali: chumbani mlango ukiwa umefungwa, na bafuni. Hapo hapo mweleze kwamba kujigusa sehemu za siri ni jambo la faragha linalofanyika mahali hapo hapo, bila kumwaibisha, maana swali hilo litakuja katika miaka hii hata kama halijaja.

Angalia sana kanuni isiyo na mwanya. Mwanafunzi wangu mmoja alifundishwa kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kumgusa sehemu za siri. Alipopata maambukizi na kuhitaji kupimwa, aliamini kwamba mama yake aliyekuwa amesimama kando anashiriki katika uhalifu, na ilichukua miezi kurudisha imani ile. Kanuni nzima ni hii: daktari au muuguzi anaweza kutazama, mama au mtu niliyemchagua akiwapo, baada ya kunieleza sababu, nami naweza kusema "simama kwanza". Ongeza kwamba hakuna siri kuhusu mwili, na kwamba hata akiwa ameahidi kutosema, ahadi hiyo haimfungi. Watoto wetu hushika ahadi kuliko sisi, na wanyanyasaji wanalijua hilo. Akianza kutumia intaneti, kanuni hizo hizo ziandikwe upya kwa ajili ya picha na ujumbe.

Kalamu ya Bluu

Narudi kwa sababu lile la shuleni halijajibiwa, nalo ndilo lililokaribia kunimaliza.

Daktari wa magonjwa ya akili ya watoto aitwaye Leo Kanner alipoandika juu ya usonji mwaka 1943, aliwaeleza watoto 11, na 3 tu kati yao walikuwa wasichana. Kwa miongo mingi watu waliujua usonji kwa sura ya wavulana, na ikasemwa kwamba kwa kila msichana kuna wavulana 4. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yaliona kwamba uwiano ulio karibu na ukweli ni 3 kwa 1, na kwamba wasichana wengi hawatambuliwi. Binti anayeitwa "mpole" mara nyingi ni binti anayefanya kazi mchana kutwa. Mimi nilikuwa na msichana mmoja darasani ambaye nilimwiga: alivyocheka, alivyoshika nywele, alivyosema "jamani". Nilifanya mazoezi ya kucheka kwake mbele ya kioo. Katika miaka ya utineja urafiki wa wasichana huacha michezo na kuhamia kwenye mazungumzo, na mazungumzo huwa na maana tatu chini ya kila sentensi, hivyo kazi ile huongezeka maradufu katika kipindi kile kile ambacho mwili nao unabadilika.

Kile kilio cha jioni, dada, ni uchovu wa kazi hiyo. Akifika, usimuulize siku ilikuwaje. Mpe saa nzima ya kimya, taa hafifu, nguo anazozitaka, na umwache ayumbe au azunguke kama mwili wake unavyotaka. Shuleni omba mahali pa kupumzika bila kuomba ruhusa kila mara, na waeleze kwamba utulivu wake hauonyeshi kwamba yuko salama. Katika miaka inayokuja tazama usingizi, tazama chakula, kwa sababu kujinyima chakula huwapata wasichana wenye usonji kuliko inavyodhaniwa, na wakati mwingine huanza kama kanuni ndogo tu kuhusu sahani. Ukiona sonona inaingia, muulize moja kwa moja kama anawaza kujiumiza au kufa, na akisema ndiyo, usimwache peke yake na mtafute msaada siku hiyo hiyo. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mimi nilisubiri miaka miwili mtu aniulize.

Mwambie pia kwamba ana usonji, kama hujamwambia. Mimi niliishi miaka 29 nikijiita mvivu na mkaidi, majina niliyopewa na watu walionipenda.

Mama wa Watatu

Jana jioni nilimwacha akae saa nzima bila kumsemesha. Alipotoka chumbani mwenyewe, nilimwambia kwamba nilikosea niliposema anakuwa mkubwa bila kumweleza maana yake, na kwamba chumba chake hakimhami. Alinitazama, akauliza, "Hata nikiwa na miaka 15?" Nikasema hata akiwa na miaka 15.

Kisha tukapima maji. Nilitia rangi, nikampa kijiko ashike yeye, naye akamimina vijiko viwili kwenye pedi, polepole, akiwa ameinama karibu kabisa. Akasema, "Ni kidogo, lakini kinajifanya kikubwa." Pedi yenye manukato aliisukuma mbali kwa penseli. Ile ya kitambaa aliishika shavuni, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba blanketi lake la tangu utotoni ni la kitambaa kama kile.

Nilipomaliza kueleza alikaa kimya, kisha akaniuliza kama damu hutoka na usiku pia mtu akiwa amelala. Nikamjibu ndiyo, hutoka na usiku. Akaenda kuchukua daftari, akaandika juu ya ukurasa "Mambo ya damu", akaweka namba 1, kisha akaniomba nirudie tangu mwanzo, polepole.